Besiboli: kudaka mpira wa chini ukiwa shotistopu (mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu)

Vijana ninaowafundisha huwaambia watazame video za Ozzie Smith, shotistopu wa Marekani aliyetwaa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya udakaji bora, mara 13 mfululizo, 1980 hadi 1992, akiwa na timu za San Diego kisha St. Louis. Watazame miguu yake kwanza.

Ukiwa kati ya beisi ya pili na ya tatu, usiungoje mpira uliopigwa ukaja chini chini, ufuate. Kunja magoti, shusha kiuno, glovu iguse udongo mapema: mpira ukidunda, kuinua mkono ni rahisi kuliko kuushusha. Glovu kubwa siipendi hapa, mpira hupotelea ndani. Ukiudaka, vidole vitafute mshono wa mpira papo hapo, kisha rusha beisi ya kwanza. Mkimbiaji, yaani aliyeupiga mpira, ana mita 27 na ushei tu kufika huko.

Nyumbani, fanya mazoezi ukutani kwa mpira wa tenisi, mikono mitupu.