Namna ya kusikiliza bluzi na jazi ya awali kwa sikio lililozoea gitaa la Katanga

Msikilizaji wa Lubumbashi aliyekulia kwenye gitaa la Mwenda Jean Bosco, aliyerekodi "Masanga" mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, tayari ana sikio linalofaa kwa kazi hii. Asikimbilie, hata hivyo, kudai kwamba bluzi ilitoka kwetu: ilizaliwa kusini mwa Marekani kuelekea mwisho wa karne ya 19, miongoni mwa watoto na wajukuu wa watumwa, kutokana na nyimbo za kazi, miito ya mashambani na nyimbo za kanisani.

Anza na "St. Louis Blues" kama alivyoiimba Bessie Smith mwaka 1925, nawe uhesabu kwa vidole. Mapigo manne ni kipimo kimoja, na vipimo 12 hukamilisha ubeti, ambamo mwimbaji hutamka mstari, huurudia, kisha huleta wa tatu unaoujibu. Akodi za msingi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, ni tatu tu, nazo huitwa kwa nafasi zao katika skeli, ile ngazi ya noti saba: ya kwanza, ambayo ndiyo nyumbani, kwa kawaida hushika vipimo vinne vya mwanzo, ya nne huingia kwenye kipimo cha tano, nyumbani hurudiwa kwenye cha saba, na ya tano hungoja hadi cha tisa. Ukipotea, subiri ubeti unaofuata. Katikati kuna sehemu ya vipimo 16, kwa hiyo hesabu ikigoma hapo, si kosa lako.

Rudia wimbo huo ukiiacha sauti ya Bessie na kuifuata koneti (tarumbeta fupi) ya Louis Armstrong, ambayo hujibu kila mstari unapokatika, kama waitikiaji wanavyompokea kiongozi wa kwaya. Kisha sikiliza noti ya tatu na ya saba za skeli, zinazoshushwa kidogo hadi mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Mwenye gitaa anaweza kuzitafuta kwa kuvuta uzi au kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi.

Jazi ilikua New Orleans, ambako bluzi ilikutana na ragtaimu, muziki wa kinanda wenye midundo ya kurukaruka, na bendi za matarumbeta za maandamano. Katika rekodi za bendi ya King Oliver za mwaka 1923, koneti hubeba wimbo, klarineti huzunguka juu yake na tromboni hupita chini. Chagua ala moja, uifuate hadi mwisho. Ngoma utazisikia kwa shida, maana sauti ilinaswa kwa pembe kubwa, bila maikrofoni.

Mwisho weka "West End Blues" ya mwaka 1928 ya Armstrong, yule yule aliyekuja kupiga hapa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Novemba 1960. Tarumbeta huanza peke yake, bila mapigo ya kushikilia, basi usihesabu mpaka wenzake waingie; kuanzia hapo vipimo 12 vimerudi, na baadaye klarineti na sauti ya Armstrong isiyo na maneno vitaitana na kuitikiana.