Namna ya kumsaidia mdogo wako wa mwaka wa kwanza chuoni Lubumbashi

Kijana anayetoka sekondari ya Katuba au ya Kenya, mitaa ya Lubumbashi, na kuingia ukumbi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hukutana na mambo mawili kwa mara moja: kozi ngeni, na Kifaransa cha kitaaluma ambacho nyumbani kwao hakizungumzwi. Wewe uliyemtangulia, anayekuita yaya, yaani mkubwa wake, na kukuomba umfundishe, kazi yako ya kwanza ni kuyatenganisha mambo hayo, kwa sababu wengi wanaodhaniwa kuwa kemia au hesabu imewashinda kwa kweli hawajaelewa sentensi ya swali.

Siku ya kwanza usifungue silabasi, yaani kitabu cha maelezo ya kozi. Mwombe akuletee karatasi za majaribio zilizokwisha kusahihishwa, ratiba yake ya juma na daftari la kozi inayomtesa, kisha mzisome pamoja mkitafuta ukurasa ambapo alianza kupotea. Mara nyingi mtaupata nyuma sana, katika somo la sekondari ambalo hakuna aliyelirudia. Mkiwa wawili tu, muulize pia kwa upole anakaa wapi, anafikaje chuoni, na kama minervali, yaani ada ya chuo, imelipwa. Anayetembea kwa miguu kutoka mtaa wa Ruashi na kufika bila kula hahitaji mazoezi zaidi ya hesabu kabla ya kuangalia jinsi siku yake inavyopangwa.

Vikao viwe vya watu watatu hadi watano, dakika 90, mahali na siku visivyobadilika, na afadhali mchana, maana umeme haukawii kukatika. Chaki ishikwe na mwanafunzi, wala si wewe.

Chukua mfano wa malakiti, lile jiwe la kijani linalojulikana sana hapa Katanga. Swali linataka asilimia ya shaba iliyomo, naye anaandika fomula Cu2CO3(OH)2 kisha anakwama. Usimwonyeshe njia. Muulize kwa Kiswahili jiwe hilo limeundwa na nini, na fomula ina atomi ngapi za shaba. Akishaona kwamba ni mbili, atapiga hesabu mwenyewe: shaba hiyo ina uzito wa gramu 127 hivi katika moli moja yenye gramu 221, kwa hiyo ni karibu asilimia 57.5, yaani kilo 100 za malakiti safi zina kilo 57 na nusu za shaba. Hapo ndipo umtake ayarudie yote kwa Kifaransa, kwa sauti, akisema « masse molaire » pale aliposema uzito wa moli moja, mpaka maelezo yatoke bila kusitasita.

Hatua hii ya lugha naishikilia kuliko nyingine zote. Wapo wasaidizi wanaomkemea mwanafunzi akitamka neno la Kiswahili, wakamfanya akariri asichokielewa. Wapo pia wanaobaki katika Kiswahili hadi mwisho, na siku ya mtihani wa mdomo kijana anayejua jibu anasimama mbele ya profesa bila maneno ya kulisema. Kwa hiyo kila kikao kianze kwa lugha ya nyumbani na kiishie kwa lugha ya mtihani. Mzoeshe vilevile vitenzi vya maswali: « définir » (kutoa maana) hakuombi mfano, « comparer » (kulinganisha) hakuridhiki na maelezo ya upande mmoja, na « justifier » (kutetea jibu) hudai sababu.

Msaidie pia kuhesabu krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi. Vyuo vikuu vya Kongo vilianza kuingia katika mfumo wa LMD (lisansi, master, doctorat) mwaka wa masomo 2021-2022, ambapo muhula mmoja una krediti 30 na lisansi nzima, yaani shahada ya kwanza, 180, lakini wazazi na kaka wengi bado wanafikiri kwa mfumo wa zamani wa graduat na hawawezi kumweleza. Chora jedwali lenye kila kozi, krediti zake na alama alizopata juu ya 20, ili ajue mapema ni ipi ya kuokoa.

Usimwandikie kazi yake hata akilia. Msomee alichoandika, weka alama pembeni, umrudishie. Usikubali kumpelekea mwalimu ujumbe wala bahasha kwa ajili ya alama. Mkutane mahali panapoonekana na watu, hasa kama wewe ni mwanamume na yeye ni msichana, na siri alizokuambia kuhusu familia yake zisifike kwa wenzake.

Matokeo ya kipindi cha kwanza cha mitihani yakitoka na akakosa kozi fulani, mpe siku moja ya kupumua tu. Kesho yake mkae na maswali ya mtihani uleule, ayajibu upya bila daftari, kwa sababu muda kabla ya kipindi cha pili, cha kurudia mitihani, ni mfupi na anayeanza kwa kusoma silabasi yote upya hafiki mwisho wake.