Jinsi ya Kula katika Mkahawa wa Kifahari wa Kiitaliano

Weka nafasi ya meza siku kadhaa kabla, na useme mapema iwapo kuna chakula kinachokudhuru.

Ukiletewa orodha ya vyakula, usiyaogope maneno yake, kwani hufuata hatua za mlo wa Kiitaliano: antipasti ni vitangulizi, primi ni tambi, wali wa risotto au supu, secondi ni nyama au samaki, contorni ni mboga, na dolci ni vitamutamu. Hakuna sharti la kuagiza kila hatua. Kwa maoni yangu, kitangulizi kimoja cha kugawana na sahani ya tambi kwa kila mtu humtosha mlaji wa kawaida. Mara nyingi nyama huja peke yake, kwa hiyo anayetaka mboga aziagize kando.

Tambi ndefu hazikatwi kwa kisu. Chukua nyuzi chache kwa uma, uzizungushe ukingoni mwa sahani mpaka zishikane, kisha ule. Na ukizikuta ngumu kidogo katikati, tambua kwamba zimepikwa al dente, jinsi Waitaliano wanavyozipenda, wala si mbichi. Kwa desturi yao, jibini hainyunyizwi juu ya tambi zenye samaki, kwa kuwa hufunika ladha nyepesi ya bahari, nami nakubaliana nao kabisa.

Kapuchino, yaani kahawa yenye maziwa ya povu, kwao ni kinywaji cha asubuhi. Baada ya mlo huagizwa espresso, kahawa nyeusi kali ya kikombe kidogo. Bili nayo huletwa ukishaiomba, maana kumharakisha mgeni aliye mezani huhesabiwa kuwa utovu wa adabu.