Jinsi ya kupakia pikipiki kwenye pikapu na kuifikisha salama

Pikipiki ya bodaboda ni mtaji wa mtu. Nikikabidhiwa Boxer Morogoro niifikishe Iringa, najua kuna nyumba inasubiri ianze kazi kesho yake. Watu wengi huhofia kuipandisha, lakini nilizoziona zimeharibika, nyingi ziliharibikia njiani kwa sababu ya kufungwa vibaya. Hatua ya 4 ndiyo uisome mara mbili.

Hatua ya 1: Pima na uandae vifaa

Boxer au TVS ina urefu wa mita 2 hivi na uzito wa kilo 110 hadi 125. Pikapu ya kabini moja inaimeza na mlango wa nyuma unafungika. Ya kabini mbili bodi lake ni kama mita 1.5, hivyo utaisimamisha mshazari, tairi la mbele likiingia konani, au utasafiri mlango ukiwa wazi na kitambaa chekundu nyuma.

Tafuta ubao wa inchi 2 kwa 10, urefu futi 8 au zaidi, usio na ufa. Tafuta belti 4 za kukazia mizigo, zile za madereva wa malori, vipande vya tyubu kuukuu, kreti la soda na mtu wa kukusaidia. Kamba ya manila siipendi, fundo lake linateleza. Mpira wa tyubu nao unavutika, na pikipiki inaanza kudunda. Utumie kama nyongeza tu.

Hatua ya 2: Tafuta mwinuko

Usipakie kwenye tambarare kama kuna ukingo wa barabara au kichuguu karibu. Rudisha pikapu nyuma mpaka bodi likaribiane na ardhi ya juu, ubao ulale. Vuta breki ya mkono, weka gia. Kisha ufunge ubao kwenye pikapu. Usipoufunga, tairi la nyuma linapousukuma unachomoka, na pikipiki inakudondokea miguuni.

Hatua ya 3: Pandisha

Usiipande na kuiendesha juu, hata kama una uzoefu wa miaka. Zima injini, simama kushoto ukishika usukani, mwenzako asukume kwa nyuma akishika karia. Kreti ni ngazi yako: tairi la mbele likishaingia bodini, wewe unakanyaga kreti na kupanda nalo.

Ukiishiwa nguvu katikati, breki ya mbele haitakuokoa. Kwenye mlima uzito mwingi umelalia tairi la nyuma, la mbele linaburuzika tu. Kwa hiyo panda ukiwa umeweka gia ya kwanza na umebana klachi. Ukitaka kusimama, achia klachi: injini iliyozimwa inalishika tairi la nyuma, mnapumua, kisha mnaendelea.

Hatua ya 4: Funga

Weka kipande kingine cha ubao kwenye ukuta wa mbele wa bodi, tairi la mbele likiguse. Kunja stendi. Pikipiki iliyofungwa ikiwa imelalia stendi ya pembeni inainama kila shimo, na belti za upande mmoja zinalegea.

Belti mbili za mbele zishike sehemu ya chini ya usukani, karibu na kichwa cha shokapu, si kwenye ncha za mikono. Zishuke kwenda kwenye pembe za mbele za bodi, moja kushoto na moja kulia. Weka tyubu zinapogusa chuma, na angalia usibane waya wa klachi wala wa breki. Kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, pikipiki ikiwa wima muda wote.

Ukaze mpaka wapi? Kabla ya kuanza, pima nafasi iliyopo kati ya madigadi ya mbele na kichwa cha shokapu. Ikipungua sentimita 5 au 6, acha. Shokapu iliyobanwa nusu inasukuma belti juu muda wote, ndiyo inayozifanya zisilegee. Ukiibana mpaka mwisho, kila tuta linapiga moja kwa moja kwenye oili sili, na mwenye pikipiki atapokea shokapu inayovuja.

Belti za nyuma zishike fremu karibu na vikanyagio vya abiria, mbali na bomba la moshi kama bado lina joto. Kazi yake ni kuzuia mkia usihame, hivyo zisikazwe sana.

Mwisho, funga kila kulabu kwa kipande cha tyubu. Hili nilijifunza kwa hasara. Gari liliingia shimoni, shokapu ikabonyea zaidi, belti ikalegea sekunde moja, kulabu ikachomoka. Kufika mlima Kitonga pikipiki ilikuwa imelalia ukuta wa bodi, mkono wa breki umevunjika. Nilinunua mpya kwa fedha yangu.

Funga pia koki ya mafuta. Mtikisiko wa safari ndefu unafurikisha kabureta.

Hatua ya 5: Njiani

Simama baada ya kilomita 10 ukaze upya, kwa sababu belti zote hujipanga mwanzoni. Mimi hukagua tena baada ya matuta ya Mikumi, na tena Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, kwani mlimani uzito wote unavuta kwenda nyuma na belti za mbele ndizo zinazoubeba.

Hatua ya 6: Shusha

Usifungue belti zote kwa pamoja. Anza za nyuma, mwenzako ashike pikipiki, ndipo ufungue za mbele polepole, shokapu ipande taratibu. Shusha kinyumenyume, injini imezimwa, gia ya kwanza, ukibana na kuachia klachi kama breki. Ikifika chini fungua koki, bonyeza breki zote mbili uzisikie, washa, halafu ndiyo umkabidhi mwenyewe funguo.