Kabla ya kwenda shehiani: mambo ya kuzingatia unapotafiti serikali za mitaa Pemba

Kazi nyingi za wanafunzi kuhusu serikali za mitaa huharibikia mezani, kabla mtu hajapanda boti ya Mkoani, bandari ya Pemba. Dodoso limenakiliwa kutoka utafiti wa Bara, limejaa "kata", "mtendaji" na "mwenyekiti wa mtaa". Pemba hakuna hayo. Kuna shehia, ngazi ya chini inayoongozwa na sheha, juu yake wadi yenye diwani, kisha baraza la mji au halmashauri. Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Ukimuuliza mtu kama alimpigia kura kiongozi wa mtaa wake, atakujibu kwa adabu, na jibu lake halitakufaa kwa lolote.

Basi anza na sheria. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria Nam. 7 ya 2014 ya Serikali za Mitaa, na Nam. 8 ya mwaka huohuo ya Tawala za Mikoa. Tazama mwaka kila unapoandika nambari hizi, kwani Bara nako kuna Nam. 7 na Nam. 8, ila za 1982, na wanaozichanganya si wachache.

Mada ipunguze mpaka iweze kushikika. "Changamoto za utawala bora" haitafitiki kwa wiki sita. Inayotafitika ni hii: nani hukusanya ada ya taka katika shehia tatu za mji wa Chake Chake, yaani Madungu, Chachani na Tibirinzi, fedha zinaingia wapi, na gari la taka hupita mara ngapi kwa wiki. Kila kipande cha swali hilo kina ushahidi wake: risiti, kitabu cha bajeti, na macho yako mwenyewe. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Ukiomba "mapato ya 2023" utapewa karatasi za miaka miwili ya fedha, 2022/23 na 2023/24, na ukizijumlisha zote umekosea.

Takwimu za sensa zina mtego wake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kati yao 543,441 Pemba. Ile ya 2012 ilifanyika wakati wilaya zikiwa 10. Sasa ni 11, kwa sababu Magharibi iligawanywa A na B. Shehia nazo ziligawanywa katika muda huo. Kwa hiyo shehia inayoonekana kupungukiwa na watu huenda imekatwa tu. Hakikisha mipaka kabla hujaandika kwamba watu wamehama.

Kibali ndicho kinachokula muda. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, peke yake hakikupi ruhusa ya kukusanya taarifa Zanzibar. Ombi hupitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, likiwa na barua ya chuo, pendekezo la utafiti, dodoso na kitambulisho. Maswali yakigusa afya, kamati ya maadili ya utafiti wa afya nayo ipitie. Jipe mwezi mzima. Wizara huwakilishwa Pemba na Afisa Mdhamini. Barua iliyokwenda kwa Katibu Mkuu Unguja bila nakala kwake itakuweka kwenye benchi la mapokezi siku nzima. Toa nakala za kutosha: mkoa moja, wilaya moja, baraza moja, masheha watatu, na mbili zibaki kwako. Hizo ni nane, na kila ofisi ikugongee mhuri kwenye ya kwako.

Sheha ndiye mlango, na hapa pataka busara kuliko pengine pote. Mtu akitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, hupitia kwa sheha. Sasa fikiria mama amekaa barazani kwake, sheha kakaa pembeni kwa wema tu wa kukusindikiza, nawe unauliza, "Unaridhika na huduma za serikali ya mitaa?" Atatazama mkeka, aseme, "Alhamdulillahi, tunaridhika." Umeandika jibu, lakini hujapata taarifa. Mwombe sheha mapema akutambulishe siku ya kwanza, kisha akuachie. Wala usimwachie akuchagulie wa kuwahoji, maana atakupeleka kwa wazungumzaji hodari na jamaa zake.

Njia ya kukwepa hilo ni daftari la wakaazi. Shehia ikiwa na kaya 400, na ukakubali kosa la asilimia 10, kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inakupa 400 ÷ (1 + 400 × 0.01), yaani kaya 80. Chukua kaya moja katika kila tano, ukianzia nambari uliyoipata kwa kura kati ya 1 na 5. Kabla ya hapo eleza kaya ni nini, kwa sababu mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili anaweza kuandikwa mara moja au mara mbili. Ongeza kaya nane za akiba.

Kalenda nayo isikupite. Ofisi hufunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30, na Ijumaa ikikaribia sala hupati mtu. Ramadhani fupisha mahojiano. Karafuu zikiwiva, watu wako mashambani tangu alfajiri, kwa hiyo waendee baada ya alasiri, ingawa wengi watakuwa bado wanachambua. Ukichagua kisiwa cha Kojani, mashua hufuata maji kujaa na kupwa, na wavuvi wakiwa dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, utakuta nyumba ina wanawake na watoto. Kama swali lako linamhusu mvuvi mwenyewe, uliza siku ya kurudi kwao ndipo upange yako ya kuvuka.