Namna ya kutembea bonde la Chevreuse kwa siku moja, hatua kwa hatua

Kule Lushoto nilikokulia, ukipotea njia unamwuliza mama aliyebeba kuni, naye anakuonyesha kwa kidevu: "Ni hapo tu." Hapo tu huenda ikawa kilomita nane, lakini angalau umejibiwa. Vijijini Ufaransa unaweza kwenda saa nzima msituni usione mtu wa kumwuliza, basi huku tunauliza miti. Miti hujibu kwa rangi, na ukishajua kuzisoma rangi hizo kazi iliyobaki ni ya miguu tu, tena miguu ya kawaida.

Njia ninayoifundisha hapa ndiyo ninayowapeleka wageni wangu wa mara ya kwanza. Iko kusini-magharibi mwa Paris, haihitaji gari, na ina vyote: mji mdogo wa zamani, mto, msitu, kijiji. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 11 au 12. Saa zote ninazotaja ni za Kiswahili.

Hatua ya 1: Chagua siku, na uangalie jua

Sisi tumezoea jua linalozama saa 12 na ushee mwaka mzima. Huku mwezi Juni huzama karibu saa 4 usiku, na mwishoni mwa Desemba saa 11 jioni giza linaingia. Ukitembea wakati wa baridi, hesabu safari yako kuanzia machweo kurudi nyuma. Mimi napenda Mei na mwanzo wa Oktoba. Januari na Februari udongo wa bonde hili hunata kama wa mfinyanzi, kila kiatu kinabeba kilo yake.

Epuka Jumatatu. Maduka mengi ya vijijini hufungwa siku hiyo, likiwemo la mkate. Na siku yoyote ile, kati ya saa 6 na nusu na saa 8 au 9 mchana, kijiji kizima huenda kula na kufunga milango. Safari yangu ya pili nilifika Jumatatu saa 7 kasoro na njaa yangu, nikala karanga nilizozisahau mfukoni mwa koti.

Hatua ya 2: Pata ramani

Ramani za IGN, taasisi ya ramani ya taifa, ndizo za kutegemea. Ile ya kipimo cha 1:25,000 sentimita moja ni mita 250 ardhini, na vijia vya miguu vimo. Unaweza kuitazama bure mtandaoni. Tafuta Saint-Rémy-lès-Chevreuse, kisha Chevreuse, kisha Milon-la-Chapelle. Uzungushe macho kwenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko: ikibanana, hapo utahema. Kwenye njia yetu inabanana mahali pawili tu, nyuma ya Chevreuse na unapopanda kutoka Milon.

Piga picha ya ramani uihifadhi kwenye simu, maana mabondeni mtandao hukatika. Kadiria kilomita 4 kwa saa, kisha ongeza muda wa kukaa, kushangaa na kula.

Hatua ya 3: Jifunze rangi kabla ya kufunga kamba za viatu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Anayeiruka ndiye anayenipigia simu saa 9 akisema yuko kwenye shamba la mtu.

Alama ni mistari midogo iliyopakwa rangi, kama urefu wa kidole, kwenye magome ya miti, nguzo za umeme, kona za kuta, hata kwenye mawe. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni njia ndefu, zinazoitwa GR, zile zinazovuka nchi kwa siku nyingi. Za kwanza zilichorwa mwaka 1947 kando ya mto Loire. Mstari mmoja wa njano ni njia fupi za siku moja. Njano juu ya nyekundu ni njia za kuzunguka eneo fulani kwa siku kadhaa. Zote hizo husimamiwa na shirikisho la watembeaji la Ufaransa, na wanaopaka rangi wengi wao ni watu wa kujitolea wenye kopo na brashi.

Mstari umelala mlalo kwenye mti, peke yake: endelea. Mstari wenye mkia uliopinda: kata kona upande unaoelekea mkia. Msalaba wa X: siyo huku. Sasa sikiliza, X mara nyingi haiko kwenye njia panda yenyewe, iko hatua chache mbele kwenye njia isiyo yako. Yaani unaiona ukishakosea. Usiione kama tusi, rudi tu hadi kwenye njia panda utafute alama nyingine.

Kanuni yangu ni hii: ukivuka njia panda ukaenda dakika tano bila kuona rangi yako, simama, rudi ulipoiona mara ya mwisho. Usijiambie "itakuja mbele." Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naongea na dada yangu kwenye simu, mazungumzo ya harusi, yale yasiyo na mwisho. Njano ikakata kushoto, mimi nikaendelea na nyeupe-nyekundu kwa raha zangu hadi nikatokea kwenye geti lenye mbwa wawili. Rangi zilikuwepo njia nzima, tena nzuri. Hazikuwa zangu tu.

Jihadhari pia na rangi za wakata miti: vidoa, duara, namba, herufi. Hizo wanaambiana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya 4: Funga mkoba

Lita moja na nusu ya maji, koti la mvua hata kama anga ni safi, soksi za akiba, suruali ndefu. Suruali ndefu ni kwa ajili ya kupe, na kwa majani fulani ya pembeni mwa njia yanayowasha kama upupu. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ongeza fulana ya rangi ya chungwa au njano kali, kwa sababu ni msimu wa uwindaji. Ukikuta kibao "chasse en cours", watu wana bunduki humo ndani muda huo. Geuza, hakuna ujasiri hapo.

Hatua ya 5: Panda treni

RER B hadi mwisho wa reli, Saint-Rémy-lès-Chevreuse, kama dakika 40 hivi kutoka katikati ya Paris. Tazama ubao wa kituo kwanza, maana si kila treni ya RER B inafika huko. Nyingine zinageuzia njiani, nyingine zinakata kwenda Robinson.

Hatua ya 6: Fuata mto hadi Chevreuse

Ukitoka kituoni shika uelekeo wa Chevreuse kwenye bonde la mto Yvette. Ni tambarare, watoto wanaliweza. Ukiingia mjini tafuta Promenade des Petits Ponts, yaani matembezi ya madaraja madogo. Kijia kimefuatana na mfereji, na ng'ambo kila nyumba ina kidaraja chake cha kuingilia. Zamani hapa palikuwa na watengeneza ngozi, kazi isiyowezekana bila maji.

Simama kwenye mojawapo ya vibanda vya kufulia. Paa liko chini, na ukingoni mawe yamelazwa mshazari hadi kwenye maji, yamelainika kwa miaka ya sabuni na mikono. Bibi yangu angepajua pale mara moja, na angetafuta pa kupiga magoti.

Nunua mkate sasa hivi, kabla ya kupanda. Na ukikutana na mtu, mwambie "bonjour." Vijijini kupita kimya ni utovu wa adabu kama kwetu.

Hatua ya 7: Panda kasri, ingia msituni

Juu ya mji kuna Château de la Madeleine, yenye mnara wa karne ya 11. Panda polepole. Mwandishi Jean Racine alikaa Chevreuse mwaka 1661 akisimamia mafundi wa kasri hilo, na aliichukia kazi hiyo. Barua zake zinasimulia zaidi habari za kwenda kilabuni. Njia yenye jina lake huanzia hapa na kwenda hadi magofu ya Port-Royal des Champs, monasteri iliyobomolewa kwa amri ya mfalme Louis XIV. Sisi tunaifuata sehemu tu: unapita msitu, kisha unashuka kwenye bonde la kijito cha Rhodon hadi Milon-la-Chapelle.

Usitegemee duka Milon. Kaa, kula mkate wako, rudi kwa njia uliyojia. Maji yakiisha, ujanja wa watembeaji wote wa Ufaransa ni bomba la makaburini, ila likiandikwa "eau non potable" usinywe.

Hatua ya 8: Jikague

Nyumbani, kabla ya kuoga, tafuta kupe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Umkute, usimpake mafuta wala kumchoma. Famasi huuza kikulabu cha plastiki: mshike karibu na ngozi, mzungushe polepole, atatoka mzima. Andika tarehe. Baada ya siku tatu hadi mwezi, likitokea doa jekundu linalopanuka, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa msituni. Kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme, na dawa yake ni antibayotiki.

Na weka mfuko wa plastiki kwa ajili ya viatu. Watu wa treni ya jioni wamevaa vizuri.