Kuchora mekanizimu bila kukariri: mfano wa mafuta ya sangara na kostiki

Wanafunzi wa kidato cha sita ninaowafundisha hapa Mwanza wanaujua vizuri mlinganyo wa sabuni: mafuta na kostiki (hidroksidi ya sodiamu, NaOH) hutoa sabuni na gliseroli. Ukiwauliza elektroni zimepita wapi, yaani mekanizimu ya mmenyuko, kalamu zinasimama. Tutumie mafuta ya sangara, yaleyale yanayochuruzika samaki akibanikwa. Chukua penseli na kifutio. Kunakili mchoro kutoka kwenye simu hakufundishi mtu mekanizimu.

Hatua ya 1. Molekuli ya mafuta ina esta tatu. Chora moja tu: R–CO–OR'. Mkia mrefu wote uite R, na upande wa gliseroli uite R'.

Hatua ya 2. Oksijeni huvuta elektroni, kwa hiyo kaboni ya C=O inabaki na chaji chanya kidogo. Iwekee alama.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Mshale unaonyesha safari ya jozi ya elektroni, hauonyeshi safari ya atomu. Kwa hiyo lazima uanzie zilipo elektroni: kwenye jozi huru (isiyoshiriki bondi) au kwenye bondi. Chora nukta mbili juu ya oksijeni ya OH⁻, anzia hapo, ncha ya mshale iguse kaboni ya C=O. Vitabu vingine huanzia kwenye alama ya hasi; kwangu siruhusu, kwa sababu mwanafunzi anazoea kufuata chaji na kuzisahau elektroni.

Papo hapo chora mshale wa pili, kutoka bondi moja ya C=O kwenda kwenye oksijeni yake. Ukiuacha, kaboni itakuwa na bondi tano, jambo lisilowezekana. Kisha hesabu chaji: ilikuwa −1 kabla, na iwe −1 baada.

Wapo wanaopeleka OH⁻ kwenye kaboni ya upande wa pili, ile ya R'. Ubaya wake ni kwamba mazao yanatoka yaleyale, hivyo mlinganyo hautakusuta. Jaribio ndilo lililoamua. Mwaka 1934 wanakemia Polanyi na Szabo walivunja esta kwa alkali ndani ya maji yenye oksijeni-18, na oksijeni hiyo nzito haikuonekana kwenye alkoholi (R'OH). Maana yake bondi inayokatika ni ile kati ya kaboni ya C=O na oksijeni ya OR'.

Hatua ya 4. Oksijeni yenye hasi inarudisha bondi ya C=O, na OR' inaondoka na elektroni zake. Mishale miwili.

Hatua ya 5. R'O⁻ inanyakua protoni ya asidi iliyozaliwa: mshale mmoja kutoka jozi huru kwenda kwenye H, mwingine kutoka bondi ya O–H kwenda kwenye oksijeni ya asidi. pKa (ikiwa ndogo, protoni huachiwa kirahisi) ya asidi ni karibu 5, ya alkoholi karibu 16, ndiyo maana mmenyuko haurudi nyuma. Ioni iliyobaki pamoja na sodiamu ndiyo sabuni. Rudia kwa esta mbili zilizosalia upate gliseroli.